Mikono ya Wacera

Baada ya ibada, waumini wa kanisa dogo la mtaa wa Jericho walijipanga nje wakapeana mikono, mpaka kila mmoja amsalimu mwenzake. Wacera aliuogopa mstari huo kuliko mtihani wowote wa chuo cha ualimu. Viganja vyake vilitiririka maji hata asubuhi za Julai zenye baridi.

Jumapili hiyo Teresiah, mama wa mchumba wake Bedan, aliushika mkono wake, kisha akajifuta kwa leso.

“Mwanangu, moyo uliotulia hautoi maji hivi. Unaficha nini?”

“Sifichi kitu, mama.”

“Mleteeni karai!” mwanamke mmoja nyuma yao akasema, wengine wakacheka.

Harusi ilikuwa Desemba. Ndugu wa ushirika, kundi la waliookoka kanisani humo, walisema mikono ile ina siri, na hawataisimamia mpaka Wacera atembee nuruni, yaani atubu mbele ya wote. Aliitafuta dhambi, asipate ya kuwatosha. Jumatano moja akasimama katika ushirika, akasema kwamba chuoni aliwahi kuwa na mwanamume.

Hakukuwa na mwanamume. Watu wakaimba, wakamkumbatia. Bedan peke yake alibaki ameketi.

Mikono ikaendelea kulowa. Khavere, mwalimu mwenzake, alipoona madaftari ya watoto yamelowa chini ya viganja vyake, akampeleka zahanati.

“Tangu lini?” daktari akauliza.

“Tangu utotoni. Nikiogopa huzidi.”

“Huu ni ugonjwa, binti. Tezi zako za jasho zinafanya kazi kupita kiasi. Si uchafu, wala si hatia. Wengi wanao, wanauficha. Kuna dawa ya kupaka, itapunguza.”

Wacera alilia palepale, kwa furaha. Akatoka mbio hadi nyumbani kwa Bedan.

Bedan alimsikiliza mpaka mwisho. Akaushika mkono wake, asijifute.

“Pole. Hilo nimelielewa. Na yule mwanamume?”

“Hakuwepo. Nilisema ili mnikubali.”

“Ulisimama mbele za Mungu ukasema uongo?”

“Ningefanyaje, Bedan? Ukweli niliwaambia, mkaukataa.”

Bedan akauachia mkono wake.

“Nilikuwa nimeanza kukusamehe, Wacera. Nilikuwa naomba kila siku nikusamehe. Sasa sijui nikuamini kwa lipi.”

Akamfungulia mlango.

“Nenda salama, dada.”

Ndivyo ndugu wa ushirika walivyomwita kila mwanamke kanisani. Tangu wachumbiane, Bedan hakuwa amemwita hivyo hata mara moja.