Sheria za Kutoka

Kazini walimwita Toa-Mkanda, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amesimama kwenye mashine ya eksirei pale uwanja wa ndege, upande wa wanaoondoka, na kwa miaka yote hiyo neno lake la kwanza kwa kila binadamu, awe waziri au mchukuzi, lilikuwa hilohilo: toa mkanda. Salamu nyingine hakuwa nayo. Waliokwenda harusini, waliokwenda masomoni, waliokwenda kuzika, wote aliwavua mikanda bila ubaguzi, akayapekua mabegi yao kwa macho, akawaacha waende zao. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Alikuwa kama mpishi anayeshinda jikoni na kulala na njaa.

Ndiyo maana Jumamosi ile, siku tatu kabla ya safari ya kwanza ya maisha yake, alikuwa chumbani tangu saa nne asubuhi akifunga begi moja la mgongoni. Mtu mwingine angelimaliza kwa nusu saa. Vitu vyote alikuwa amevipanga kitandani kwa mistari, upande wa ukutani, ambao tangu mkewe afariki miaka minne iliyopita haukulaliwa na mtu. Viatu vipya vya kutembelea milimani, vinavyombana kidole gumba ingawa alikataa kukiri. Soksi jozi nne. Koti la mvua. Tochi. Dawa za presha. Na kwenye kona, karibu na mto, sigara yake ya umeme pamoja na ukoo wake mzima.

Hapo kwenye kona ndipo asubuhi ilipoishia. Lazima tumpe haki yake: mtu huyu alijua anachofanya. Betri mbili za akiba alizitia kila moja kwenye kisanduku chake cha plastiki, maana betri ikigusana na funguo au sarafu inaweza kuwaka moto. Tena betri haiendi na mizigo ya chini ya ndege, inakaa na mwenyewe juu. Kile kitangi cha kioo kinachobeba maji ya kuvuta alikimimina mpaka kikakauka, kwa sababu huko angani mgandamizo wa hewa hubadilika na kitangi kilichojaa hutapika ndani ya begi. Maji yenyewe aliyagawa katika vichupa vitatu vidogo, akavitia kwenye mfuko unaoonyesha vilivyomo. Kisha akafuta vidole, akarudi nyuma hatua mbili, akakiangalia kitanda kama anavyoangalia skrini, akajipitisha. Hakuna mkaguzi ambaye angemkuta na kosa.

Safari yenyewe ilikuwa ya binti yake. Huyo ndiye mtoto pekee aliyemzaa, na alikuwa na miaka minane ughaibuni, akiongoza watembeaji milimani wakati wa msimu na kufua mashuka ya nyumba ya wageni msimu unapokwisha. Tangu mazishi ya mama yake, yeye na baba yake walikuwa wanazungumza kwa kubahatisha. Mama alikufa kwa mapafu, na hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Aliyekuwa akivuta ni Toa-Mkanda, pakiti moja na nusu kwa siku, sebuleni, chumbani, kila mahali. Siku binti anarudi ughaibuni baada ya maziko, alisimama mlangoni na viatu mkononi, akasema: "Miaka thelathini alivuta moshi wako, Baba. Na wewe bado unadunda."

 Wiki hiyohiyo Toa-Mkanda aliacha sigara. Alijikaza kisabuni siku nne, siku ya tano akanunua ya umeme. Akampigia binti simu kumwambia ameacha sigara, binti akasema vizuri. Baada ya hapo zikawa simu za sikukuu, dakika mbili, hali ya hewa na afya, kwaheri.

Halafu miezi miwili iliyopita ukaja ujumbe mrefu. Binti alikuwa na siku kumi na mbili za mapumziko. Alisema, Baba njoo, tutembee kutoka kibanda hadi kibanda, mimi na wewe tu, tusiongozane na wageni. Chini yake aliambatanisha barua ya mwenyeji, yenye sahihi yake, kwamba anamwalika baba yake na anabeba dhamana. Toa-Mkanda aliusoma ujumbe huo kwenye korido ya kazini. Akaenda msalani kunawa uso, akarudi kwenye mashine, akamwambia abiria aliyefuata karibu. Yule abiria alishtuka mno, akavua mkanda bila kuambiwa.

Siku kumi na mbili. Alijua vizuri kwamba hizo ndizo zilizobaki kati yake na mwanawe. Zikiharibika, hakuna atakayemwandikia tena.

Sasa, watembeaji wa milimani wana desturi yao. Kabla mtu hajafunga begi, anatandaza kila kitu atakachobeba, anapiga picha moja, anaituma kwa kiongozi wa msafara. Kiongozi anaangalia na kupunguza, maana mgeni wa milima hubeba nyumba mgongoni na kuanza kulia siku ya pili. Binti alikuwa ameomba picha hiyo, na ndiyo iliyomfanya baba yake apange vitu kwa mistari tangu asubuhi.

Mara ya kwanza alipiga picha isiyo na ile kona. Aliisukuma sigara ya umeme na vikorokoro vyake chini ya mto, akapiga, picha ikatoka safi. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kutuma alipojiona kwenye kioo cha kabati. Alikuwa anatabasamu. Na kama kuna jambo moja ambalo miaka ishirini na mitatu ilikuwa imemfundisha, ni kwamba mtu aliyeficha kitu hutabasamu mapema. Aliwaona mamia: bwana aliyepachika kisu ndani ya mkate, bibi aliyefunga mikasi kwenye nepi ya mjukuu, wote walifika mbele yake meno nje. Aliwadharau wote. Na leo yeye, nyumbani kwake mwenyewe, mbele ya mto wa marehemu.

Aliona haya mpaka masikio yakapata moto. Akavitoa vyote, akavirudisha kwenye kona, akavipanga vizuri kuliko mwanzo, akapiga picha ya pili, akaituma. Moyo ukamtulia. Alijiona mtu mkweli, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Chai haikuchemka. Simu ililia.

Binti alianza na salamu, akasema viatu ni vizuri, koti ni zuri, soksi aongeze jozi moja. Kisha akauliza vile vya kwenye kona ni vitu gani. Toa-Mkanda aliulizwa swali alilolisomea. Akaeleza yote: visanduku vya betri, kitangi kikavu, vichupa vitatu, mfuko unaoonyesha, kwamba vyote vitakaa kwenye begi la mkononi na si kwenye mzigo wa chini. Aliongea kwa raha ya fundi, bila kituo, na binti akamwacha amalize.

"Hizo ni sheria za kutoka huko," binti alisema. "Huku kuingia nayo ni marufuku, Baba. Wanakunyang'anya, wanakutoza faini, na wakitaka wanakurudisha kwa ndege ileile. Na barua ina sahihi yangu."

Toa-Mkanda alikaa kitandani, juu ya soksi. Alipigwa na butwaa, na si kwa sababu ya faini. Maisha yake yote ya kazi aliyaona mabegi yakiingia kwenye mashine, yakitokeza upande wa pili kwenye mapazia ya mpira, yakichukuliwa na wenyewe, basi. Kwake yeye dunia iliishia hapo. Maelfu na maelfu ya mabegi, na hata siku moja hakujiuliza yanafikia wapi, au yanapokewa na nani. Alikuwa bingwa wa mlango mmoja tu. Kulikuwa na mabango na vitabu vya maelekezo pale kazini kuhusu wanaowasili, lakini vilikuwa ghorofa ya chini, kwa wale wa zamu ya kupokea, ambao wakubwa wa juu waliwaona si lolote.

Alitaka kusema ataitoa, jambo dogo hilo. Binti alimtangulia.

"Uliniambia umeacha."

Alijitetea. Alisema sigara aliiacha kweli, hii ni kitu kingine. Alisema hata nikotini haimo, kwamba alianza na maji makali, akapunguza, akapunguza tena, na sasa ni mwaka mzima anavuta maji ya sifuri, harufu tu na mvuke. Alidhani hilo litamwokoa. Lilimtia shimoni zaidi.

"Kama hamna kitu ndani," binti aliuliza, polepole, "unavuta nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alitazama ile kona ya kitanda kana kwamba jibu limeandikwa kwenye vichupa. Angeweza kusema mazoea. Angeweza kusema mikono inataka kazi. Lakini alikuwa ameshaanza siku na ukweli, na ukweli ukishaanza ni vigumu kuurudisha.

"Ukiivuta inatoa sauti kidogo," alisema. "Kama mtu anayevuta pumzi pembeni yako. Nyumba imenyamaza sana, mwanangu."

 Binti akasema atampigia baadaye, akakata.

Baadaye ni neno refu. Saa nane ikapita, ikapita saa tisa. Toa-Mkanda alikusanya vitu vya kwenye kona, akabeba vichupa hadi kwenye sinki, akavimwaga kimoja kimoja na kuvisuuza. Sigara yenyewe akaivunja kiungo kwa kiungo, akatenga betri. Hakuhisi ushujaa wowote. Alikuwa anafanya kazi ambayo angeifanya kwa mzigo wa mtu mwingine yeyote. Alipoliinua begi kwa mizani ya kuning'iniza, uzito ulikuwa umepungua kidogo sana, kiasi cha kumwudhi.

Kufikia saa kumi alikuwa ameshakata tamaa kwa kiasi chake. Alianza kuandika ujumbe wa kumrahisishia binti: kwamba kama barua inamtia wasiwasi asijali, safari zipo nyingi, yeye pia mguu hauko sawa. Akaufuta. Aliuandika tena bila mguu. Akaufuta. Alitembea kutoka chumbani hadi sebuleni na viatu vya mlimani, ili vilainike, alijidanganya, na kila alipofika sebuleni hapakuwa na la kufanya ila kugeuka. Mwisho akakaa kwenye mkono wa kiti na kulia kidogo, kikavu, kama wanavyolia wanaume waliokosa mazoezi.

Jua lilikuwa linazama simu ilipolia. Binti hakusalimu.

"Umevitoa?"

"Vyote. Betri nimeziweka kando, hazitupwi na taka."

Alisikia kitu kinachokaribia kicheko, au labda alikitamani tu. Binti akamwambia tarehe ni ileile, atakuwa pale wanapotokea abiria, asije na chochote kingine cha kumtia matatani. Akasema ndiyo kwanza ametoka kazini, miguu inawaka moto, maneno hana.

"Sina la kuongea, Baba. Ila usikate."

Toa-Mkanda aliiweka simu juu ya mto, akaongeza sauti hadi mwisho, akajilaza upande wake. Alisikia bomba likifunguliwa. Akasikia kisu kwenye ubao, haraka haraka, mfuniko wa sufuria, mlango wa kabati uliogoma mara mbili. Binti alitukana kabati kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemjibu, wala hakuna aliyepita nyuma yake kumwomba nafasi. Redio haikuwepo. Baada ya muda akasikia kiti kimoja kikivutwa, sahani moja ikiwekwa mezani, kisha kijiko.

Alikisikiliza kile kijiko. Miaka minane, na hakuwahi kumuuliza.

"Unakula na nani, mwanangu?"

Kijiko kikasimama.

"Leo na wewe," binti alisema, na baada ya kitambo kijiko kikaendelea.