Mlango Niliouazima

...hapo chini tu, dada, anasema bosi, mchapishaji wetu, kwenye mstari, sahihi na tarehe, uidhinishe tafsiri yako, mtambo wa kuchapa unatungoja, na mimi nimeshika kalamu na kuitazama sahihi yangu ya juzuu ya pili iliyobanwa pembeni, mbona ina mikogo hivi, mkia mrefu wa mtu aliyelala vizuri, na mimi tangu juzi usingizi sijauona, juzuu ya tatu hii itawamaliza, anasema, wasomaji wameisubiri kama mvua, na najua kwa nini wameisubiri, watu wema thelathini na sita, wale ambao mafundisho ya siri ya Kiyahudi yanasema dunia inasimama kwa ajili yao, wamejificha miongoni mwetu na wenyewe hawajijui, kisa kizuri, sikatai, kizuri hadi pale mwandishi alipoingiza baraza la wazee wa siri wanaowaua mmoja mmoja ili mwisho wa dunia ufike, miaka mitano nakitafsiri, mgongo umekwisha, na laiti kosa lingekuwa la mwandishi, maana yeye maficho ya wazee hao aliyaandika duka la zamani, mlango wa chuma, sanduku la siri zao, basi, makavu kabisa, na bosi aliniambia lete nyumbani, dada, msomaji auone mtaa wake, na ndivyo tulivyo sisi watafsiri, tukikosa kitu tunaokota kilicho karibu, na kilichokuwa karibu ni mlango wa kijani chini ya ngazi zetu, kitasa kimefungwa kwa waya, na ndani yake Mzee Fundi anayejalidi vitabu vya maktaba, Myahudi pekee ninayemfahamu, aliyenieleza herufi za Kiebrania moja moja huku gundi ikimkaukia vidoleni, nikachukua mlango wake, nikachukua miwani yake yenye uzi nikamvika mmoja wa wazee wa baraza, nikachukua na gunia, kwa sababu kwao karatasi yenye jina la Mungu haitupwi, iwe imechanika, iwe imeliwa na panya, anaitia guniani, na gunia likijaa analipeleka makaburini kwao kulizika kwa heshima zote, nikaona, hee, hili ni bora kuliko sanduku, nikaandika kwamba majina ya watakaouawa yamefichwa guniani, nikanywa chai nikajipongeza...

...unanisikia, dada? Nakusikia... kaka yangu ninayekaa naye, juzuu ya kwanza aliisoma kwa mapenzi, kitabu cha mdogo wangu hiki, aliwatangazia majirani, juzuu ya pili akaisoma na penseli, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, wifi amekufa, siku haziishi, akaanza kuhesabu, kurasa, herufi, ngazi za nyumba yetu, akanijia jikoni akinong'ona, mdogo wangu, najua huwezi kusema, wazee wale wamekutisha, lakini mlango umeuweka ili tuuone, nikacheka, hapo ndipo ningesema, sentensi moja tu, kaka, mlango niliuazima, lakini alikuwa amechangamka, tangu wifi afariki sikuwa nimemwona akimaliza sahani ya chakula, na sasa anamaliza na kuongeza, nikamwacha na mchezo wake nikisema utapita, haukupita, juzi asubuhi alimfuata Mzee hadi makaburini, wakavutania gunia ukingoni mwa shimo, mtu wa miaka themanini, akaanguka, kifundo cha mkono kikavunjika, wa kulia, wa kushonea vitabu, na kaka akarudi nyumbani na gunia begani, amelimwaga mezani petu, anapanga vipande vya sala akitafuta majina, karibu niyapate, ananiambia, vumilia kidogo, na mimi namsogezea bakuli apate pa kuweka kijiko, ndiyo, hilo tu nililofanya...

...tazama jalada, anasema bosi, tazama mwenyewe, na wamechora mlango wa kijani, hata waya wa kwenye kitasa upo, uliandika vizuri mno, mchoraji hakuhangaika hata kidogo, nakala elfu kumi, na ukurasa wa mia tatu na nne mlango huo unachomwa moto, msomaji anautamani ule moto, mimi mwenyewe nilizipanga sentensi ili autamani, na kaka hajafika ukurasa huo kwa sababu haujachapwa, unangoja mkono wangu... jana hospitalini askari alisimama na daftari lake, ilikuwaje, Mzee? Nilianguka, akasema, ardhi ilikuwa na utelezi, askari akanitazama, mimi nikatazama dripu, na alipotoka Mzee akauliza, gunia liko kwenu? Liko. Lisilowe, mwanangu. Halafu akasema, kile kitabu chako nilikijalidi, nakala mbili za maktaba, nikakisoma nikisubiri gundi, umenipa miwani mizuri kuliko hii yangu, akatabasamu kidogo, kumbe anajua, tangu juzuu ya kwanza itoke, miaka mitatu anajua na kila asubuhi ananisalimia ngazini, nikafungua mdomo, nesi akaingia kumpima, nikaufunga, nikashukuru moyoni kwamba nesi ameingia...

...na sasa linakuja wazo, linakuja lenyewe, tamu, mtu aliyejificha, asiyejijua, anayebeba ya wenzake kimya, basi ni yeye, mmoja wa wale thelathini na sita, machozi yananilenga, na papo hapo naona haya, haya hasa, maana nimemrudisha kitabuni, safari hii nimemweka upande wa wema, na inanifaa, mtakatifu haumwi mkono, mtakatifu ameshakusamehe kabla hujasema kitu, unaenda zako nyumbani mwepesi, na yeye ni mzee anayeishi peke yake ambaye kwa wiki sita hataweza kufunga vifungo vya shati lake, na alisema nilianguka, mbona sikufikiria, alisema nilianguka huku akitazama mlango wa wodi, gunia liko kwenu, aliuliza taratibu, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na wenye nguvu, watu wake walizushiwa uongo vitabuni tangu kabla sijazaliwa, wazee wa siri, mabaraza ya siri, anajua kitabu kikishasomwa nani hugonga mlango, hakuwa anatuonea huruma, au alikuwa nayo na hofu pia, sijui, miaka yote nimemtazama na sijui...

...dada, kuna tatizo? Bosi ameshusha sauti, kidole chake bado kiko kwenye mstari, na mimi nilidhani hapa pangehitaji ujasiri, sina, nimechoka tu, nimechoka kiasi kwamba mkono hauwezi kuandika jina langu chini ya moto ule, na uchovu huu unatosha kusema hapana, utatosha na kwa kaka, ambaye nitamwambia hakuna siri, kaka, kulikuwa na mimi niliyekosa mlango wa kuandika, atanichukia, ataacha kula tena, nitakusanya vile vipande mbele yake kimoja kimoja, na Mzee sitamwomba radhi kwanza, radhi ingenipumzisha mimi, nitamwuliza, Mzee, unatuogopa? na nitakaa pale kwenye kiti kando ya kitanda chake hadi anijibu.