Chapa ya Ng'ambo ya Mto

"Shuka!" Kisilu alisema tena, na safari hii aligonga shina la mgunga kwa bapa la panga.

Ireri alikuwa juu, miguu imekumbatia tawi, moshi wa mwenge wake ukimtoa machozi. Alipotazama chini aliona mizinga yake minne ya miti ya jirani imeshushwa na kulazwa kwenye nyasi, vifuniko vimeng'olewa, masega yamejazwa ndani ya madebe mawili. Punda alikuwa amefungwa kando, anangoja mzigo. Mchana kweupe, jamani! Mwizi wa asali tunayemjua sisi huja akinyata. Huyu alikuja na punda.

"Hiyo mizinga ni yangu, Kisilu. Unajua ni yangu."

"Yako? Una nini wewe huku kwetu? Hata shamba unalolima ni la mkweo."

Kisilu alikuwa na haraka. Siku ya tatu alitakiwa awe kwa wakwe zake na asali ya kutengenezea pombe ya posa, na mizinga yake mwenyewe ilikuwa mitupu. Itakosaje kuwa mitupu? Mtu anayeshinda sokoni akipiga domo hawezi kuwa na nyuki.

Ireri akashuka. Hakuwa na njia nyingine. Alipofika tawi la chini, akaning'inia kwa mikono, akitafuta ardhi kwa vidole vya miguu, na hapo ndipo Kisilu alipopiga. Panga liliingia mkono wa kushoto. Vidole viwili vilibaki kwenye gome la mti, na mwenyewe akaanguka chali. Hakuwahi kupiga kelele. Teke la kwanza lilimpata mbavuni, la pili mdomoni, kisha Kisilu akampiga bapa la panga mgongoni, mara nyingi, kama mtu anayepura mtama. Ni nyuki waliomwokoa. Walimvamia Kisilu kichwani, akapakia mizigo yake akijipiga makofi usoni, akaondoka akimswaga punda.

Ndinda ndiye aliyemkuta. Alifunga mkono wa mumewe kwa kipande cha leso yake, akambeba nusu na nusu akamburuta mpaka nyumbani. Hakulia. Alikuwa mwanamke wa kufanya kazi kwanza, kulia baadaye.

Baba yake Ndinda, mzee Muli, alikuja jioni hiyo. Alitazama mkono, akatazama pembeni.

"Nilikuambia uweke chapa yangu," alisema.

Kweli alimwambia. Kila mzinga pale kijijini Matinyani una chapa ya ukoo iliyochomwa kwa chuma cha moto juu ya kifuniko, na mwenye chapa ndiye mwenye mzinga, hata akiutundika mwendo wa siku mbili kutoka kwake. Ireri alipovuka mto Tana mwaka ule wa njaa, amekonda kama fito, akitokea kwao Mbeere, Muli alimpa chakula, kisha shamba, na mwisho binti. Akampa na chapa: duara na mkia. Ireri alikataa hiyo ya mwisho. Kwao mtu hachomi chapa ya ukoo mwingine. Anayefanya hivyo amejitangaza kuwa hana kwao, na nyuki hawakai kwa mtu wa namna hiyo. Basi akachoma ya baba yake, mistari mitatu na nukta. Miaka kumi na mmoja nyuki walikaa. Watu walizoea, wakaacha kuuliza.

"Twende kwa wazee," Ireri alisema, maneno yakipita kwa shida kwenye mdomo uliovimba.

"Wazee hawagusi kesi ya damu siku hizi. Serikali imekataza. Ya damu inaenda Kitui."

"Basi Kitui."

Ndinda aliacha kuchochea moto. "Baba Mutindi, wewe una wazimu? Watu wa ng'ambo wanakamatwa kila siku, wanaambiwa ni wapiganaji wa msituni, wamekula kiapo cha kumpinga mzungu. Hii Hali ya Hatari, kama huna ile barua ya kutembea, hawakuulizi mara mbili. Wewe unayo?"

"Sina. Lakini mimi ndiye nimekatwa. Atakayekamatwa ni aliyekata."

"Watakurudisha ng'ambo! Na mimi nibaki na watoto wawili, na yule jirani hapo na panga lake?"

"Nikinyamaza, atarudi. Leo ni mizinga. Kesho atataka shamba."

Hapo Ndinda alirudi kuchochea moto, maana ilikuwa kweli. Kisilu alikwisha kupita njiani mara mbili siku hiyo, akiimba.

Wakaenda Kitui asubuhi, Ireri, mkewe na mkwewe, kwa miguu, wakipumzika kila Ireri alipoishiwa pumzi. Nao askari, nisiwanyime sifa yao, walifanya kazi upesi. Siku ya pili Kisilu alikuwa ameletwa, pingu mikononi, uso bado umevimba kwa miiba ya nyuki. Panga liliwekwa mezani, na kando yake mzinga mmoja na kifuniko chake. Ireri alipouona ule mzinga aliona haki imekaribia. Masikini.

Nyuma ya meza alikaa afisa mzungu, kijana wa nywele nyekundu, amechoka kabla kazi haijaanza. Karani wake wa kutafsiri alikuwa Hemedi, mtu mzima wa Kiislamu mwenye kofia safi, ambaye baba yake alitoka pwani.

"Mshitakiwa anasema mizinga ni yake," Hemedi alieleza, "na kwamba huyu alianguka mwenyewe mtini akijaribu kuiba. Bwana anauliza, chapa hii ni ya nani?"

Swali dogo tu. Hemedi alijifanya anapanga karatasi, akainama karibu na Ireri. "Bwana mdogo, sikiliza," alinong'ona. "Sema ni ya mkweo. Sema hivyo, urudi kwako."

Kabla Ireri hajafungua mdomo, mzee Muli akapiga hatua mbele, fimbo mkononi.

"Yangu," alisema. "Hiyo chapa ni yangu. Huyu ni kijana wangu, anatunza mizinga yangu."

Muli! Mzee ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa mbuzi aliyepotea. Ireri alimgeukia mkwewe. Angemshukuru vipi mtu kama huyu?

Lakini Kisilu alicheka. "Bwana, tuma mtu akaangalie ng'ombe wa huyu mzee. Chapa yake ni duara na mkia. Hata watoto wanaijua. Hii muulize ni ya ukoo gani wa Ukambani. Mwambie aitaje!"

Hemedi alitafsiri taratibu, kama mtu anayetembea juu ya miiba. Mzungu akamtazama Muli. Akauliza mara moja. Muli akaukazia macho ule mzinga. Akauliza mara ya pili, na askari aliyesimama nyuma, bila kuambiwa, akampiga mzee rungu begani. Muli alipiga magoti. Rungu likainuka tena.

"Mwacheni!" Ireri alipiga kelele. "Chapa ni yangu! Ni ya baba yangu na baba yake. Mistari mitatu na nukta. Nenda Mbeere, ng'ambo ya Tana, uliza mtu yeyote. Mizinga ni yangu, na huyo ndiye alinikata. Mwacheni mzee!"

Hemedi alifumba macho. Kisha akatafsiri. Angefanya nini? Mzungu mwenyewe alijua Kiswahili cha kutosha.

"Mbeere, Wilaya ya Embu," mzungu alisema, akaandika. "Pasi iko wapi?"

"Sina pasi, bwana. Nilikuja kabla ya mambo haya. Nina mke hapa. Nina watoto."

"Na mkono?"

"Si ndio nasema? Kisilu alinikata kwa panga hilo hapo."

Mzungu alisema jambo refu kwa Kiingereza. Hemedi alimeza mate.

"Anasema, mtu wa Embu, hana pasi, ana jeraha la panga mwaka huu. Anataka kujua ulipigana msitu gani, na kiapo ulikula wapi."

Hata Kisilu alishangaa. Nadhani alishangaa, maana alimtazama Hemedi kwanza kabla hajatabasamu.

Walimtoa nje nyuma ya ofisi. Waliuliza swali lile lile mpaka jua likawa utosini, na kila alipojibu kwamba hajui kiapo, walikanyaga ule mkono uliofungwa kwa leso. Kidonda kilifunguka. Alipozimia walimmwagia maji, wakaanza upya. Safari moja alifikiri kusema ndiyo, amekula, ili waache tu. Akakumbuka kwamba wanaosema ndiyo hunyongwa. Akaendelea kusema hapana. Ubavu uliokuwa umepasuka ulivunjika kabisa.

Ndani, kesi ilikuwa imekwisha. Mlalamikaji amegeuka mfungwa, na bila mlalamikaji hakuna kesi. Pingu za Kisilu zilifunguliwa. Askari akamrudishia panga lake, na Kisilu alipouliza kwa heshima kuhusu ule mzinga, akaambiwa auchukue, usijaze ofisi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Siku ile pale ofisini walifuata sehemu ya kwanza tu.

Lori la kuwarudisha watu wa ng'ambo lilisimama mbele ya soko, limejaa. Ireri alitupwa nyuma, akafungwa mnyororo mmoja na mtu asiyemjua. Ndinda alikuja mbio akashika ubao wa lori.

"Mimi ni mkewe! Nipelekeni naye!"

"Mama, haiwezekani," Hemedi alimwambia, na sauti yake haikuwa ya karani tena. "Wewe ni wa hapa. Huna ruhusa ya kwenda huko. Rudi kwa watoto, dada yangu."

"Atarudi lini?"

Hemedi alitazama kofia aliyokuwa ameivua. "Hawaandiki tarehe."

Ireri alimwona Ndinda akiuachia ubao. Alimwona akizunguka upande wa lori, akipotea mbele. Halafu askari wakaanza kupiga kelele, na mtu mmoja sokoni akasema, "Amelala! Amelala mbele ya gurudumu!"

Walimshika makwapa wakamburuta. Ireri alisikia visigino vya mkewe vikikwaruza changarawe. Ndinda akarudi. Walimburuta tena, na sasa rungu lilisikika, mara mbili, mara tatu. "Ndinda, toka!" Ireri alilia, akivuta mnyororo mpaka mwenzake akaangukia magoti yake. "Toka, mama Mutindi! Toka, nakuomba!" Sauti ya mkewe ilimjibu kutoka mbele, si kwa maneno. Alikuwa amelala pale mara ya tatu.

Dereva alisema amechelewa, hawezi kungoja atolewe tena. Mlango ukafungwa kwa kishindo, injini ikanguruma. Mzee Muli alikuwa akiita jina la binti yake, kisha akaacha kuita, na soko lote, wauza mtama, wauza kamba, wanawake na vibuyu vyao, likanyamaza kwa pamoja.

Nyuma ya lori hakuna aliyeweza kuona mbele. Ireri alikaza miguu yote miwili juu ya sakafu ya chuma, akasikia magurudumu yakianza kuzunguka chini yake, polepole.