Maporomoko ya Uani kwa Evelio

Mume wangu Evelio alipostaafu kazi ya kiwanda cha sukari, wenzake walinunua pikipiki. Yeye akachimba uwanja wangu wa kuanikia nguo. Akaleta mawe ya mtoni, akayapanga hadi yakanifika kifuani, akatumbukiza pampu, akaachia samaki wa rangi ya chungwa, kisha akaniita nije nione maji yakiporomoka. Yalikuwa mazuri, sikatai. Bili ya kwanza ya umeme ilipofika, mambo yakatumbukia nyongo.

"Peso elfu arobaini zaidi, Evelio! Hao samaki wanapiga pasi?"

"Pampu hailali, mke wangu. Ikilala, samaki wanakosa hewa."

"Na hewa yangu mimi analipa nani?"

Bado chakula cha samaki, bado sponji za chujio, bado maji ya kufidia yale yanayonyonywa na jua. Pesa yangu ya cherehani ilikuwa inamwagika juu ya mawe, tena kwa kelele.

Kelele hizo ndizo zilizotuponza. Kwetu serikali hupanga mitaa kwa madaraja: mtaa ukionekana dhaifu, mnalipia umeme na maji kwa nafuu, ukionekana umenawiri, mnapandishwa wote, mwenye nacho na asiye nacho. Ndiyo maana mtaani petu hakuna anayepaka rangi ukuta wa mbele. Ndani utakuta sofa za ngozi, nje matofali uchi. Basi zikavuma habari kwamba wakaguzi wa manispaa wanakuja, na jirani yangu Bi Otilia, mjane anayeishi kwa kuuza mikate ya mahindi mlangoni kwake, akaingia bila hodi.

"Rubiela, maji yenu yanasikika hadi barabarani. Wakaguzi watadhani hapa hoteli! Wakitupandisha daraja, jiko langu la umeme nitaliwashia nini? Raha yenu ndiyo karaha yangu."

"Siku wakija nitazima," Evelio akasema.

"Hakuna cha kuzima. Fukia!"

Moyoni nilikuwa upande wa Bi Otilia. Nikampa neno langu: siku ya ukaguzi tutazima, na Jumapili inayofuata tutafukia. Evelio alikwenda kuwalisha samaki wake, na siku mbili chakula changu alikila bila kukisifu.

Ulikuwa mwezi wa Agosti, kiangazi kikali. Mashamba ya miwa yalikuwa yakichomwa, masizi yanatuangukia kwenye nguo na kwenye supu, na vijito vyote vya kuzunguka mji vimebaki changarawe. Asubuhi moja binti aliyevaa fulana ya manispaa akatokea kona ya mtaa, kishikwambi mkononi. Bi Otilia akaja mbio kuhakikisha. Evelio akashusha swichi. Maji yakapungua, yakawa uzi, yakawa matone, yakakoma.

Ndipo wakaja. Wa kwanza alikuwa kolibri mmoja, ndege asiyezidi kidole gumba, kijani kinachowaka. Akasimama hewani mbele ya jiwe la juu, pale pale maji yalipokuwa yakianguka. Akaja wa pili. Wakaendelea kuja, kutoka juu ya mapaa, kutoka ndani ya ule moshi, hadi uani pakajaa mvumo kama wa cherehani mia. Mimi hushinda chumba cha mbele nikishona; nilikuwa nimewahi kuona wawili watatu tu. Kolibri ni wagomvi kuliko ndugu kwenye urithi, lakini hawa hawakugombana. Walining'inia ubavu kwa ubavu, ukuta mzima wa ndege hai, wakingoja maji ambayo hayapo. Mmoja akachovya mdomo kwenye hewa tupu.

Niliogopa, kama mtu anavyoogopa kanisani. Miezi yote nililipa ile bili nikidhani nawalipia samaki.

"Mama wa Mungu," Bi Otilia akanong'ona. "Tangu lini wako wengi hivi?"

"Tangu vijito vikauke," Evelio akasema. "Kidimbwini hawawezi kutua, wanataka rasharasha. Hawana pengine pa kwenda."

Tukasikia binti wa manispaa akigonga nyumba ya pili. Bi Otilia aliwatazama ndege, akautazama mlango. Nami nilimtazama yeye, maana jiko lilikuwa lake.

"Washa," akasema.

"Lakini daraja, Bi Otilia..."

"Washa, we mwanamke, kabla akili hazijanirudia!"

Nikapandisha swichi kwa mkono wangu mwenyewe. Maji yakaja, ndege wakaingia ndani yake wote kwa pamoja, na uani pakawaka rangi ambazo sina majina yake.

Hodi ikapigwa kwetu. Bi Otilia akawahi mlango, akauziba kwa kifua na aproni yake ya unga.

"Habari za asubuhi, mama. Hayo maji ninayoyasikia ni nini?"

"Mabomba, mwanangu," akasema, akitikisa kichwa kwa majonzi. "Mtaa mzima yameoza. Yanavuja usiku na mchana, na hakuna anayetujali. Liandike hilo, tena kwa herufi kubwa."

Binti akaandika. Akatupa pole, akaenda zake.

Jumapili hatukufukia kitu. Bi Otilia alikuja kabla ya misa, amebeba kiti chake mwenyewe.