Mama Watoto Chini ya Hadubini

Kila asubuhi mama mdogo hukaa mbele ya hadubini, nami hukaa ubavuni pake na kidude cha kuhesabia kiganjani. Yeye hutazama tone la maji ya mto na kutaja anachokiona; mimi hubonyeza. Ndivyo maabara yetu inavyofanya kazi, mmoja macho, mwingine kidole, ili anayetazama asiinue kichwa akapotea njia.

Viumbe vya mtoni amevibandika majina mwenyewe. Kuna Mwezi Mchanga, mwani uliojipinda kama ukucha uliokatwa. Kuna Gurudumu, mdudu asiyeonekana kwa macho, mdomo wake unazunguka kutwa kucha. Na kuna Mama Watoto, tufe la kijani linalobingirika polepole, na ndani yake vitufe vidogo vikisubiri kuzaliwa. Huyo ndiye kipenzi chake.

"Kama mimi na wewe," aliniambia siku ya kwanza aliponileta hapa kutoka chuoni, "ila wewe hukukaa tumboni mwangu." Mama yangu alifariki nikiwa bado natambaa. Aliyenilea ni huyu.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya mto, dirisha zima jeupe, na maabara ilikuwa kama inaelea.

"Hakuna kitu," alisema mama mdogo. "Sogeza kioo."

Nikasogeza.

"Hakuna. Mto bado umelala."

Mlango ukasukumwa. Aliingia fundi wa mitambo ya kusafisha maji, ovaroli imelowa hadi magotini.

"Shikamoo mama. Machujio yameziba tena."

"Marahaba. Sasa nimeyaziba mimi?"

"Sijasema hivyo. Lakini hesabu zako zinasema mto mtupu, na mimi kule nachota uji wa kijani kwa koleo. Mkuu anadai nalala kazini. Leo ananitoa. Ama mto unanitania, ama nimeanza kuota nikiwa nimesimama." Alicheka peke yake.

"Maji bado yana tope," alisema mama mdogo. "Mwani haupati jua."

Nilitazama vidole vyangu. Ndoo ya asubuhi nilikuwa nimeiteka mimi. Mvua zilikatika zamani. Mto uliokuja na udongo wa mashamba yote ya juu ulikuwa umetulia, na kamba ya ndoo niliiona ikishuka, ikishuka, mpaka ikageuka kijani na kuyeyuka. Msimu kama huu mwanga huzama chini na mwani huzaana. Hayo alinifundisha yeye.

"Lenzi ina ukungu," aliongeza. "Ifute."

Nikaifuta. Wiki nzima nilikuwa nikiifuta, kama mtu anayemfuta uso mtoto ambaye tayari ni msafi. Balbu ya hadubini nayo nilikuwa nimeibadilisha.

"Basi atazame binti," alisema fundi.

Mama mdogo alirudisha kiti chake nyuma taratibu.

"Tazama."

Niliinama, na mto wote ukanijia jichoni. Miezi michanga ilitanda kama anga lililosahau kuwa na mwezi mmoja tu. Magurudumu yalizunguka. Katikati ya mwanga, bila haraka, Mama Watoto alipita, nyuma yake mwingine, na mwingine, kijani kibichi juu ya kijani.

Nikisema wamejaa, ninamvua nguo mama mdogo mbele ya mtu. Nikisema hakuna, huyu fundi anarudi nyumbani leo bila kazi.

"Labda taa..." nilianza. "Labda taa haija..."

Mkono wa mama mdogo ukatua shingoni pangu, wenye joto.

"Usinifichie, mwanangu. Unaona nini?"

"Kuna tufe la kijani," nilinong'ona. "Linabingirika."

"Tumboni?"

"Wako watano. Hapana, sita. Mmoja anatoka, mama. Anatoka sasa hivi."

Alitabasamu, lakini kuelekea dirishani. Ukungu ulikuwa umeondoka na mto uling'aa wote, naye bado alikuwa amekunja macho kama mtu anayeungoja uondoke. Fundi alivua kofia.

"Nitakuja kuongea na mkuu wako mwenyewe," mama mdogo alimwambia. "Mto umejaa. Aliyekosea ni mimi, si wewe."

Kisha akapapasa kiganja changu, akachukua kidude cha kuhesabia, akaweka kidole gumba juu yake. Nilihamia kwenye kiti chake. Kilikuwa bado na joto.

"Siyo lenzi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Siyo taa, wala tope. Mimi sioni. Tangu mvua zikatike sioni vizuri, na nimekuwa naogopa kukwambia."