Mtu Kati ya Heinrich na Heinrich

Nzilani alizidi kuikuza picha ya kitabu cha ubatizo hadi wino ukafanana na nyayo za kuku. Ilitoka kanisa moja la Ohio, Amerika, ikamfikia hapa nyumbani Mumbuni, kwenye meza aliyotumia pamoja na mama mkwe wake Mutheu, aliyekuwa akimenya mbaazi za kutoka shambani Kola.

Kazi ya Nzilani ilikuwa kuwatafutia Wamarekani mababu waliohamia kutoka Ujerumani. Wiki iliyopita alimwandikia mteja wake, bibi mmoja aitwaye Carol, kwamba Heinrich Brandt aliyeshuka melini na Heinrich Brandt aliyezikwa shambani walikuwa babu na mjukuu. Kati yao alikuwepo baba ambaye jina lake halijapatikana. Carol alifurahi hata akamwagizia baba huyo jiwe la ukumbusho. Lingechongwa leo.

Nzilani naye alishamzoea mtu huyo. Akifumba macho alimwona mgongo, akipita polepole katika mahindi yasiyo na mwisho, kiganja kikigusa majani.

Sasa wino ulisema: mtoto Heinrich, baba yake Heinrich, fundi wa magurudumu, kazi ileile ya yule aliyeshuka melini.

“Mwaitu,” alimwita mama mkwe, “mtu anaweza kumpa mwanawe jina lake mwenyewe?”

“Akiwa hai?” Mutheu aliacha mbaazi. “Na mke akiita, nani anaitika?”

“Labda wote wawili.”

“Jina langu liko kwa binti yako, kwa mjukuu, mahali pake. Huyo mzungu wako alikuwa na haraka.”

Nzilani alicheka kidogo, kisha akaitazama tena picha. Ndivyo alivyohesabu bila kufikiri, kwa desturi ya kwao: jina humrudia mjukuu, kwa hivyo lazima kuna baba katikati.

Angeweza kunyamaza, Carol aweke maua yake kwa amani. Aliliwaza hilo huku maganda yakirundikana sakafuni. Kisha akaandika: “Tafadhali zuia jiwe. Nilikosea. Hao wawili ni baba na mwana. Kati yao hakuna mtu.”

Kule Amerika kulikuwa asubuhi. Jibu halikukawia. “Nimempigia simu mchongaji, ameacha. Lakini wiki nzima nimekuwa nikiongea na huyo mtu. Nilikuwa naongea na nani?”

“Sijui,” Nzilani aliandika. “Hata mimi nilimwona.”

Kwenye mchoro wa ukoo kisanduku cha mtu huyo wa katikati kilikuwa bado wazi, na watoto, wajukuu na vitukuu wote chini yake walipaswa kupandishwa ngazi moja. Akampandisha wa kwanza, akampandisha wa pili, akasita. Kisanduku chenyewe hakukigusa. Angekifuta kesho.