Nyota Mbele ya Namba Kumi na Nane

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, picha iliingia kwenye kundi la darasa. Wanaume wanne wamesimama mbele ya matangi mawili ya maji, kila mmoja ameshika cheti. Wa pili kutoka kushoto amezungushiwa duara jekundu. Chini yake Kiranja ameandika: "Jamani, huyu si Filimbi? Au macho yangu yameamua kuzeeka kabla yangu?"

Mkuu wa maabara ya hospitali, ambaye wenzake wa shule hawakuwahi kumwita ila Rula, aliifungua picha hiyo akiwa amesimama kando ya jokofu la sampuli. Hakuhitaji kuikuza. Aliijua shingo ile ndefu, na sikio la kushoto lililochomoza kidogo kuliko la kulia. Alirudisha simu mfukoni, akanawa mikono, akakaa kwenye darubini, na kwa dakika sita hakuhesabu chembe hata moja.

Filimbi alikuwa amekufa. Ndivyo ilivyoandikwa, na aliyeandika ni Rula.

Darasa lao lilimaliza shule miaka thelathini na minane iliyopita, na tangu zije simu za kuandikiana, Rula ndiye aliyekuwa mtunza habari wao. Kila mwaka alitoa Taarifa ya Darasa: karatasi moja, pande mbili, namba za viti kuanzia moja hadi arobaini na moja. Nani kastaafu, nani kapata mjukuu, nani kahama, nani kafanyiwa upasuaji wa goti. Waliokufa waliwekewa nyota mbele ya namba. Wengine wakileta uvumi kwenye kundi, palikuwa na mtu wa kusema, "Ngojeni Rula ahakiki." Alikuwa anaupenda mno msemo huo.

Ilikuwapo pia desturi yao ya kuitana. Shuleni hawakuitwa kwa majina asubuhi, waliitwa kwa namba. Kwenye mkutano wa kila mwaka Kiranja, ambaye sasa ni muuguzi mstaafu mwenye sauti ileile ya kuamsha bweni zima, alisimama na kuita namba zote arobaini na moja. Aliye hai aliitika "Nipo." Ikiitwa namba ya marehemu, jirani yake wa dawati ndiye aliyesimama na kusema, "Hayupo. Naitika mimi." Rula alikuwa kumi na saba. Kumi na nane ni Filimbi. Kwa miaka kumi na mmoja, kila mkutano Rula alisimama mara mbili, kwa namba yake na kwa ya Filimbi, na akikaa mara ya pili hakukosekana wa kumpapasa bega.

Kufikia saa tatu asubuhi kundi lilikuwa linachemka.

"Filimbi! Marehemu gani anapewa cheti?"

"Mimi nilimlilia huyu mtu. Nirudishiwe machozi yangu."

"Rula, baba wa uhakiki, hebu tueleze. Alikufa au hakufa?"

Rula aliandika jibu lake wakati wa chai, mlango wa ofisi ukiwa umefungwa. "Habari ya kifo ililetwa na Bunduki. Niliipokea bila kuihakiki. Naomba radhi kwa wote." Bunduki, mwenzao wa darasa aliyekuwa dereva wa mabasi, ndiye kweli aliyeleta habari ile, na amekwishafariki miaka minne sasa. Rula alisoma sentensi zake tatu mara mbili. Hakuona uongo ndani ya hata moja. Akazituma.

"Ah, Bunduki!" aliandika mmoja. "Alikuwa anatia chumvi mpaka kwenye salamu."

Wakacheka. Wakamcheka marehemu, na Rula akaziona alama za vicheko zikipandana kwenye kioo cha simu, akahisi uso unamwaka moto peke yake ofisini.

Jambo ambalo halikuwamo katika sentensi tatu ni hili. Miaka tisa iliyopita, miaka miwili baada ya kuweka nyota ile, Rula alikuwa kwenye dirisha la majibu ya maabara kwa sababu msaidizi wake alikuwa likizo. Alichukua fomu iliyokuwa juu, akasoma jina lote, majina matatu, na mwaka wa kuzaliwa. Akainua macho. Filimbi alikuwa amesimama upande wa pili wa kioo, mikono juu ya kizingiti, anatabasamu. Rula alisukuma karatasi chini ya kioo. "Majibu mazuri, mzee. Pita." Kisha akaita jina la anayefuata. Jioni alijiambia kwamba ataifuta nyota kwenye taarifa ijayo. Zimetoka taarifa tisa.

Usiku huo mkewe alimwona hagusi chakula.

"Si ufurahi? Mtu amefufuka."

"Nimefurahi."

"Basi uambie uso wako, baba watoto, maana haujapata habari."

Jumatano Kiranja akapiga simu. Mkwe wake anafanya kazi idara ya maji, ndiye aliyeleta jarida lenye picha ile, na Filimbi yuko kituo cha pampu nje ya mji. "Nimeuliza tu yuko wapi, namba yake sijaomba. Sitaki asikie habari zake kwa mkwe wangu. Nenda wewe. Wewe ndiye jirani yake, umemwitikia miaka yote hiyo. Mlete mkutanoni kwa mkono wako. Nataka niione sura yake nikiita kumi na nane."

"Labda hatataka kuja."

"Kwa nini asitake? Kwa sababu ya ile mizani? Tulikuwa watoto, Rula. Nani anakumbuka mizani leo?"

Rula aliikumbuka. Ilikuwa mizani ya maabara, ndani ya sanduku la kioo, moja tu shule nzima. Wiki tano kabla ya mtihani wa mwisho, kila mwanafunzi aliruhusiwa kuingia kujizoeza mara mbili kwa wiki, na aliyechukua ufunguo aliandika namba yake ya kiti kwenye daftari la mlinzi wa stoo, ambaye hakuwa na haja ya kutazama sura. Rula alikuwa ameshamaliza zamu zake mbili. Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, aliandika kumi na nane. Hakukusudia ubaya. Filimbi hakuwa mtu wa kujizoeza, zamu zake zilikuwa zinalala bure. Lakini alipokuwa anainua jiwe kubwa la uzani lilimponyoka, likaangukia mkono wa mizani, nao ukakatika. Alifunga sanduku, akarudisha ufunguo.

Jumatatu walimu wakamwita kumi na nane. Alikana. Wakamfungulia daftari, akakana tena. Mwalimu mkuu alitangaza mbele ya shule nzima kwamba kuvunja kifaa ni ajali, adhabu yake ni kufagia. Lakini kukana kilichoandikwa ni tabia, na mwenye tabia hiyo hawezi kukaa na wenzake. Filimbi aliondoka siku hiyohiyo, kabla ya mtihani. Rula alimsaidia kubeba godoro hadi getini. Kwenye mtihani wa kupima uzani, kwa mizani iliyoazimwa shule jirani, alikuwa wa kwanza.

Kwa hiyo Bunduki alipoleta habari ya ajali ya basi, Rula, asiyetia saini jibu la damu bila kulirudia likiwa na mashaka, hakupiga simu hata moja. Aliweka nyota. Na alipoiweka alipumua.

Jumamosi alifika kituo cha pampu saa nne na nusu asubuhi. Ni uwanja wa kokoto, matangi mawili, na nyumba ya mashine yenye mlango wa chuma. Filimbi alitoka akiwa na ovaroli la bluu na kitambaa mkononi. Alisimama, akamtazama mgeni wake kuanzia viatu.

"Jirani," alisema. Hakutoa mkono, ulikuwa na grisi. Alitoa kiwiko. "Kaa hapo kwenye ukuta, haukuchafui. Cha kukukaribisha ni maji tu, lakini hayo, usiogope, hayataisha."

Rula alikaa. Alikuwa amepanga maneno yake njiani kwa mfuatano, akaona aanze na lililo jepesi. "Kwenye orodha ya darasa tumekuandika umekufa. Miaka kumi na mmoja."

Filimbi aliacha kufuta vidole. "Nilikufa kwa nini?"

"Ajali ya basi."

"Mnaniua kwa basi, mimi ninayekuja kazini kwa baiskeli!" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Na mlinizika wapi?"

"Hatukukuzika."

"Yaani hata mazishi mlininyima." Aliketi kando yake, bado anatingishika kwa kicheko. Kisha kicheko kikamwisha. "Lakini ngoja. Miaka kumi na mmoja? Wewe uliniona. Dirishani kwako, pale hospitali. Ulinipa majibu yangu."

"Ndiyo. Miaka tisa iliyopita."

"Ukaniita mzee. Tumezaliwa mwaka mmoja, jirani."

"Ndiyo."

"Nilimwambia mke wangu siku ile. Nikamwambia, yule ni mwenzangu wa dawati, ameona haya kunijua mbele ya watu wake wenye makoti meupe. Akakasirika kwa niaba yangu. Mimi nikamwambia mwache, mtu aliyefukuzwa shule kwa uongo ataanzaje kudai kusalimiwa? Mpaka leo hospitali ile sijarudi. Naenda ya mbali."

"Sikukuonea haya wewe."

"Ulimwonea nani?"

Akamwambia. Alianza na Ijumaa, saa tisa na nusu, na daftari la ufunguo. Alisema namba aliyoandika. Katikati ya maelezo Filimbi alitazama saa yake, akanyanyuka bila neno, akaingia nyumba ya mashine. Ilikuwa saa tano kamili. Kupitia mlango Rula alimwona anasoma mishale ya vipimo mmoja baada ya mwingine na kuandika kwenye ubao. Alirudi, akakaa palepale.

"Endelea. Ulikuwa umefika kwenye mizani."

Rula aliendelea hadi mwisho, akaongeza na sentensi tatu za Jumanne, na Bunduki. Filimbi alikuwa anautazama ukuta wa tangi.

"Mimi nilidhani ni yule mlinzi wa stoo," alisema hatimaye. "Maisha yangu yote. Kila nikipita mtu anayefanana naye nilikuwa natema mate." Akapangusa mdomo. "Unajua baba yangu hakuniita mvunja vitu? Aliniita mwongo. Tena hakupiga kelele. Lakini tangu siku ile mpaka anakufa, nikimwambia mvua inanyesha, alikuwa anachungulia dirishani kwanza."

"Nisamehe, jirani."

"Hilo liweke pembeni. Una simu?"

"Ninayo."

"Waandikie. Hapahapa, mimi nikiona."

"Nilifikiri kwenye mkutano, ana kwa ana..."

"Mkutano ni lini?"

"Mwezi ujao."

"Umeshachukua miezi mingi. Andika."

Rula alivaa miwani. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Filimbi alichukua simu kwa ncha za vidole ili asiipake grisi, akaishika mbali na uso, akasoma akitembeza midomo.

"Hapa umesema 'kwa bahati mbaya niliandika namba ya mwenzangu'. Bahati ilikuwa wapi? Futa."

Akafuta.

"Na hapa. 'Katika utoto wetu.' Dirishani ulikuwa mtoto?"

Akafuta.

"Na mwache Bunduki aondoke hapo. Aliambiwa, akaamini, akasema. Andika kwamba ulimsingizia."

Mwishowe ujumbe ulibaki na mistari saba. Mizani niliivunja mimi, namba kumi na saba. Niliandika namba kumi na nane kwenye daftari la ufunguo. Niliposikia amekana nilinyamaza. Miaka tisa iliyopita nilimwona akiwa hai, nikaacha nyota ibaki. Miaka yote hiyo nilisimama kumwitikia nikijua. Jumanne nilimtupia lawama Bunduki, ambaye hawezi kujibu. Filimbi hakuwahi kusema uongo.

"Huo wa mwisho," Filimbi alisema, "uweke juu kabisa."

Rula aliupandisha. Saa tano na dakika thelathini na nane akautuma.

Majina ya waliousoma yaliongezeka, sita, kumi na moja, kumi na tisa, na kundi ambalo halikunyamazishwa hata na misiba likawa kimya. Dakika kumi na mbili zilipita. Kisha Kiranja akaandika: "Rula, nitumie namba ya Filimbi. Halafu usiandike kitu humu mpaka nikuambie."

Rula alimwonyesha. "Nimpe?"

Filimbi alisita. Aliisoma tena mistari yote saba, kisha neno la Kiranja. "Bado ana ile sauti?"

"Ileile."

"Mpe," alisema, akamtajia namba yake.

Saa sita adhuhuri Filimbi aliingia kusoma vipimo vyake, akatoka. Saa sita na dakika nne simu iliita mfukoni mwa ovaroli. Aliitazama namba ngeni, akamtazama Rula, kisha akaondoka kuelekea nyuma ya tangi la pili, ambako ngurumo ya pampu ni ndogo, kidole kikiwa kwenye sikio moja. Alirudia "Mimi, ndiyo mimi" mara kadhaa. Baada ya hapo sauti yake ilishuka, na Rula pale ukutani hakusikia tena anachosema.

Saa sita na dakika tisa Kiranja alimwingiza Filimbi kwenye kundi. Dakika iliyofuata alimwondoa Rula kwenye usimamizi wa kundi.